Makopo Yanayosimama kwa Kichwa

Baba yangu ni fundi viatu, na mtaani kwetu hana jina lingine ila Kichwachini. Jina hilo alipewa kwa sababu ya gundi. Mafundi wengine hununua kopo leo, na baada ya wiki mbili wanachokonoa kitu kigumu kama kisigino. Baba akishachota, hufuta ukingo wa kopo kwa kitambaa, hutandika kipande cha nailoni mdomoni, hugongea kifuniko kwa nyundo mara tatu, kisha huligeuza kopo zima kichwa chini. Gundi hushuka na kuziba yenyewe upenyo wowote uliobaki, na hewa haipati pa kupita. Vifuniko vyake hubenuliwa kwa bisibisi kila siku hadi vinapinda, havifungi sawasawa hata kidogo, lakini gundi ya baba huisha kwa kutumika tu.

Tatizo ni kwamba ndani ya karakana ile baba hana dogo. Nyundo ina alama yake ukutani, sindano zina mkebe wao, na msumari wa nyuma ya mlango ni wa aproni yake peke yake. Mama alipofariki, mimi na kaka yangu tulikaa miaka kumi na moja tukimwombea apate mwenzake. Akapatikana mama mmoja mcheshi, naye akahamisha bisibisi. Baba hakumgombeza. Alinyamaza, na baba akinyamaza ni heri akurushie kiatu. Siku tatu za kimya zilimtosha yule mama, akaenda zake.

Ndipo akaja Mwalimu. Alistaafu baada ya kufundisha darasa la kwanza maisha yake yote, bado ana sauti ya kuita mahudhurio, na humwita baba "Fundi" hata wakiwa mezani. Nilimpenda tangu siku aliponiuliza waziwazi habari za mguu wangu wa kushoto, niliozaliwa nao mfupi, kisha akaisifu soli ambayo baba huniongezea unene wa vidole viwili. Watu wengine hujifanya hawaoni. Baba naye alianza kuchana nywele. Walipooana nikajiambia kwamba huyu akiondoka, baba atazeeka akizungumza na visigino.

Wiki ya sita ya ndoa, baba alishikwa na mgongo akalala siku kumi. Mwalimu, kwa mapenzi tu, akachukua ufunguo ili mumewe akirudi aikute karakana inang'aa. Alifagia, akapangusa rafu, akafungua makopo manane ya gundi moja moja ili afute vifuniko, akavirudisha taratibu kwa kiganja. Kisha akayasimamisha yote wima.

Siku baba aliporudi kazini, nilikuwa nimempelekea kiatu changu, soli imeachama. Kilichonishtua ni kwamba niliweza kuisoma rafu. Gundi ya soli, gundi ya ngozi, kila neno limekaa sawa, na mimi miaka yote lebo zile nilizisoma kwa kupinda shingo. Baba alifungua kopo la kwanza, akachomeka kijiti, kikakataa kuingia. La pili hivyo hivyo. Alipofika la nane alikaa kwenye kigoda chake, akanyamaza.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Aliuliza kuna nini, baba akaendelea kutazama makopo, ikabidi nieleze mimi. Nilieleza kwa haya, utadhani kosa ni langu.

"Maandishi yalikuwa yamepinduka," Mwalimu alisema polepole. "Mtoto akishika kitabu kichwa chini, mimi humgeuzia. Mkono ulienda wenyewe, Fundi."

Mwalimu alingoja jibu kama anavyongojwa mtoto aliyesahau herufi, kisha akachukua mkoba wake, akasema anakwenda kwa dada yake. Hakusema atarudi lini. Nilitamani kumtikisa baba mabega. Nikapiga moyo konde, nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia maishani.

"Baba, gundi inanunuliwa."

Baba aliinuka. Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati, ambako Mwalimu hakufika, akashusha kopo dogo lililosimama kwa kichwa. Gundi yake ilikuwa laini, inavutika vizuri. Nikamkabidhi kiatu changu, naye akakiweka chini. Alikata karatasi za daftari, akaanza kuandika huku ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Akabandua lebo za zamani, akapaka gundi mpaka kopo likakwanguka, akabandika lebo mpya. Halafu akayageuza yale makopo manane kichwa chini, moja baada ya jingine, na maandishi yakasimama wima. Nilimkumbusha kwamba hayo yamekwisha kufa. Akasema mapya yatakaa vivyo hivyo.

"Nenda kamwite mwalimu wako. Mwambie kuna kazi ya kusahihisha."

Nilikwenda na kandambili, nikichechemea njia nzima, na wala sikuuona umbali. Mwalimu alikuja shingo upande, mkoba kaukumbatia kifuani. Alisimama mbele ya rafu akasoma lebo zote kwa sauti. Mara mbili baba alikuwa ameandika "gnozi".

"Mimi kwa umri huu sigeuki tena, Mwalimu," baba alisema, macho kayaelekeza kwenye kiatu changu. "Nimegeuza maandishi."

Mwalimu alifungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha ngozi zote mbili bila kuyasogeza makopo. Kisha akautundika mkoba kwenye msumari wa nyuma ya mlango, juu ya aproni. Baba aliuona. Aliinuka, akaichomoa aproni taratibu ili mkoba usianguke, akaivaa, akaniambia kiatu changu nikirudishe kesho, gundi imekwisha.