Mama Viungo na Damu ya Hospitali Nyingine

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Katika chumba kidogo nyuma ya duka la dawa la hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu anachomeka flashi kwenye kompyuta, anabofya mara tatu, kisha anakunja mikono kifuani.

Muuguzi mkuu, mwanamume mrefu asiyeamini kitu mpaka akiguse, anajaribu kila kitufe. Skrini inasema friji ya damu ina chupa nne, zile alizoziorodhesha jana kwenye kompyuta hiyo. Anatoka mbio kwenda kuhesabu. Anarudi akihema.

"Nne kweli! Dada, na hujabadilisha hata neno moja la programu yako?"

"Hata nukta."

Wenzake humwita Mama Viungo, maana viungo ndiyo kazi yake: yale maneno ya kubofya yanayokutoa ukurasa mmoja hadi mwingine. Jina hilo limemletea vituko. Majirani humwulizia bizari na mdalasini. Mwaka jana mzee mmoja alikunja suruali mlangoni pake akamwonyesha goti.

Alianza kama karani wa mapokezi. Lugha ya kompyuta iitwayo Java alijifunza mwenyewe kwa miaka sita, kwa kitabu kisicho na jalada. Mfumo wake wa benki ya damu ulifanya kazi hospitalini kwao miaka miwili bila doa, mpaka hospitali ya pili ikauomba.

"Niliunakili tu nikawawekea. Ukurasa wa kwanza ukafunguka vizuri, nikaaga, nikaondoka kifua mbele."

Alichosahau ni kwamba katika sehemu 614 ndani ya programu alikuwa ameandika anwani kamili ya hospitali ya kwanza. Aliyebofya "Tafuta damu" alirushwa kimyakimya hadi kwenye kompyuta ya kule, akasoma friji ya wenzake. Rangi zilezile, maandishi yaleyale. Nani angeshtuka?

Siku ya nne, mama aliyetoka kujifungua akaanza kuvuja damu. Mkunga akatazama skrini: chupa tatu za kundi lake. Akafungua friji. Hamna hata moja.

"Alinipigia simu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, 'Dada, damu iko wapi?'"

Alielewa papo hapo, akamtajia hospitali ya kwanza. Dereva wa gari la wagonjwa alikwenda na kurudi kwa dakika hamsini. Mama yule aliponea chupuchupu.

Mama Viungo hakumlaumu mtu. Kwa siku tisa alipitia programu mstari kwa mstari, akafuta anwani zote. Sasa kila ukurasa, kabla ya kuunda kiungo, huuliza kompyuta uliyomo: hapa ni wapi, nami nimewekwa chini ya jina gani?

"Ukimwelekeza mgeni choo cha nyumbani kwako, humtajii mji wala mtaa," anaeleza. "Unamwambia, mlango wa pili kushoto. Hata nyumba ingebebwa nzima ikapelekwa kwingine, mlango ni uleule."

Hii ni hospitali ya kumi na moja. Muuguzi mkuu bado hajaondoa macho kwenye skrini.

"Miaka ishirini na miwili nimeona mashine zikija na mafundi, wanakesha nazo wiki nzima," anasema polepole. "Hii imeshuka tu, ikajua iko kwa nani. Jamani!"

Mama Viungo mwenyewe naye hajazoea. "Kila ninapobofya mara ya kwanza mahali papya, mwili unanisisimka. Halafu inafunguka, inataja jina la pale. Najiuliza, hivi kweli mimi ndiye niliyeiandika?"

Vituo vya afya ishirini vimeshaomba. Hana gari wala msaidizi, kwa hiyo anapanga kuwafundisha wauguzi wawili katika kila kimoja kuuweka mfumo kwa mikono yao.

"Siku watakapouweka wenyewe bila hata kunipigia simu, nitafurahi kuliko siku ya harusi yangu," anasema, kisha anashusha sauti. "Ila hilo, mume wangu asilisome gazetini."