Aya Aliyoiacha Kaka Yangu

Sikiliza kidogo, wewe uliyeshika ukurasa huu. Wengi wetu hudhani kwamba ili kumharibia mtu jina ni lazima useme uongo. Mimi nimefundisha fasihi katika shule ya mtaa wa Nyakabiga kwa miaka mingi, na nilidhani hivyo pia, mpaka siku tulipoondoa matanga ya baba, mwaka mmoja baada ya kumzika.

Kwetu siku hiyo msemaji wa familia ni mmoja tu, mtoto wa kiume wa kwanza. Akimaliza, vinywaji vinagawiwa, na hakuna anayeongeza neno. Kaka yangu hapendi kuandika, kwa hiyo hotuba niliiandika mimi.

Niliijenga kwa aya tatu. Ya kwanza ilikuwa gereji ya baba kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, na jinsi alivyotaja ugonjwa wa gari kabla halijasimama. Ya pili, ugomvi wetu: nilimkataa mchumba aliyenichagulia, nikakaa miezi saba bila kukanyaga kwake, hata alipolazwa. Sikuuficha, maana msikilizaji akishaona jeraha huiamini dawa. Dawa ilikuwa aya ya tatu, alasiri niliyofika hospitali. "Kaa, mama," baba aliniambia. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Umechelewa, lakini umefika." Tukala ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika sahani moja. Mama alikuwa nyumbani akipika. Aliyeona ni kaka peke yake.

Kaka alisoma vizuri sana. Kwenye gereji watu walicheka. Kwenye ugomvi walitega masikio. Alipofika "hata alipolazwa," akakunja karatasi.

"Asanteni."

Chupa zikaanza kufunguliwa.

Hakuongeza hata neno moja. Kila alichosema kilikuwa changu, na kilikuwa kweli. Alisimama mapema tu.

Mama akaniinamia. "Mwanangu, kumbe baba yako alikufa na hasira na we?"

"Apana, mama. Alinisamehe."

"Kaka yako angesema."

Nikamfuata kaka nyuma ya hema. "Aya ya tatu iko wapi?"

"Mwalimu, we na paragrafu zako! Watu walikuwa na kiu."

"Kaka."

Akatazama viatu vyake. "Mi nililala kwenye simenti ya hospitali wiki tatu. Baba hakuniambia hata asante. We umekuja kwa saa moja tu, na mwisho muzuri uwe wako?"

Jioni hiyo nilisoma tena hotuba yangu. Zile wiki tatu hazikuwemo popote. Nilimwelewa, lakini kumwelewa hakukunirudishia kitu. Mama nimemweleza mara nyingi. Ananisikiliza kwa upole, kama mtu anayesikiliza mshtakiwa akijitetea, kisha ananiuliza kama nimekula. Kaka naye yuko kimya mpaka leo, na neno lake moja lingetosha.

Wanafunzi wangu wakipewa habari hukimbilia tashbihi na takriri. Si vibaya, na wewe utazizoea haraka. Lakini anza hapa: ukimaliza kusoma habari ya mtu, weka kidole kwenye sentensi ya mwisho, kisha mtafute aliyekuwepo umuulize baada ya hapo kulitokea nini.