Salamu Nilizozikata

Watu wakisikia nilifanya kazi kwenye jumba la sanaa hapa Bukoba, huniuliza nilikuwa nachora nini. Sikuchora kitu. Nilikaa chumba cha nyuma, kati ya stoo na choo cha wafanyakazi, na kompyuta moja iliyochoka. Nilipiga picha ngoma, vikapu na mikeka, nikaskani barua za zamani, nikakata sauti na video za kuwekwa kwenye skrini ya ukumbini na kwenye simu za wageni. Mgeni alipokuwa amesimama mbele ya kikapu akisikiliza sauti ya aliyekisuka, mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, miguu juu ya stuli, kwa sababu mvua ikinyesha maji yalipita chini ya mlango.

Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nyingine nilizowahi kupanga. Kilinuka ukindu, vumbi, na chai ya tangawizi ya mtunza vitu wetu, mzee wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye aliniita binti hata nilipokaribia miaka arobaini. Umeme ukikatika tuliketi tukibishana. Yeye alitaka kila kitu kihifadhiwe, mimi nilitaka nafasi kwenye diski. "Ninyi watu wa kompyuta," alisema, "sijui mnatunza au mnafagia." Siku hizi amestaafu, na chumba kimejazwa viti vya plastiki. Nikipita pale huwa nachungulia dirishani.

Amri ya mkurugenzi ilikuwa kwamba sauti yoyote isizidi dakika moja na nusu, maana wageni hawana subira. Amri hiyo nilipokewa nayo na ikanikaa vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe subira sina. Nilikata vikohozi, majogoo, pikipiki, hata pumzi za watu. Nilikata kama ninavyomenya ndizi, bila kuutazama mkono, na nikasifiwa sana. Sifa zilinivimbisha kichwa, nakiri.

Ndipo tukaenda Kishanda, kule Muleba, mimi na mtunza, kumrekodi mama mmoja msusi. Mkeka wake wenye michoro myeusi na myekundu ulikuwa tayari ukutani kwetu; kilichobaki ni yeye mwenyewe aeleze kwa Kihaya alivyousuka, nasi tuweke maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Alitukaribisha sebuleni, palipotandazwa nyasi mbichi, akatupa kahawa ya kutafuna. Nikamfungia maiki nguoni. Akaanza vizuri kabisa. Alipofika kwenye kuchemsha ukindu pamoja na rangi, binti yake akatokea.

Binti alikuwa ameolewa Kimwani, na alikuja na mzigo wa mchele kichwani. Kwetu Wahaya mtoto haingii kwa mama yake akajipitia tu kwa kuwa kuna wageni na mitambo, wala mama hamwambii mwanawe asubiri amalize kazi. Alitua mzigo, akapiga magoti mlangoni. "Mwasibota, mae," akasema, kumsalimu mama yake kwa mchana ule. Mama akauweka ukindu chini. Akamwitikia, kisha akauliza habari za mume, za kila mtoto kwa jina lake, za mguu wa mama mkwe, za mbuzi aliyekuwa karibu kuzaa, za mvua. Wakimaliza wanarudia. Mimi nilikunja uso mpaka mtunza akanikanyaga mguu. Maiki sikuizima, kwa uvivu tu, nisije nikaanza kupima sauti upya.

Kesho yake Bukoba niliziondoa salamu zote. Mama wa Kishanda akaonekana kwenye skrini na papo hapo yuko kwenye ukindu. Mtunza alitazama mara mbili, akaweka kikombe chini.

"Binti, umemwingiza mama wa watu bila hodi."

"Mzee wangu, wageni hawakuja kumsikiliza mbuzi wa Kimwani," nikamjibu, nikacheka.

Wiki ile diski ilijaa, nikafuta zile rekodi nzima nzima zilizokwisha kukatwa. Sikufikiri mara mbili. Hata mara moja sina hakika.

Baada ya miaka miwili, asubuhi moja ya mvua, yule binti alifika ofisini. Nilimtambua kwa namna alivyopiga magoti kunisalimu, ingawa tulilingana umri na mimi nilikuwa na viatu vyangu juu ya stuli. Nikavishusha haraka. Aliniambia kwa Kihaya kwamba mama yake amefariki, amezikwa, na matanga yamekwisha anuliwa. Picha zake zipo, alisema, nyumba nzima ina picha.

"Lakini nikifika nyumbani napiga magoti mlangoni kama kawaida, ndugu zangu wananiinua. Wanasema hakuna mtu, inuka." Akafunga na kufungua kitambaa cha kichwa. "Siku ile mashine yako ilikuwa inanasa, dada. Nataka nimsikie mae akiniitikia. Hilo tu, waitu," akanisihi.

Nilijua papo hapo kwamba sina. Nikaogopa kusema. Nikamwambia tusikilize kwanza, nikavuta spika karibu na kutafuta ile video, nikitumaini kwamba sauti ya mama yake, yoyote ile, itamtosha. Kabla sijabonyeza alikwisha piga magoti tena, kwenye saruji iliyolowa, macho chini.

"Mwasibota, mae," akasema, akangoja.

"Ukindu mchanga hukatwa asubuhi," mama yake akajibu kutoka kwenye spika, "kabla haujapigwa na jua."

Akainua uso akanitazama. "Hajaitikia."

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote: dakika moja na nusu, diski iliyojaa, mkono wangu mwepesi. Nilisikia aibu ambayo sikuwahi kuisikia tangu nikiwa mtoto kijijini kwetu Kanazi.

"Ulizitupa wapi?" akauliza, kwa upole, kama mtu aliye tayari kwenda shimoni kuzitafuta.

Nikamweleza kwamba hakuna mahali. Mtunza aliingia na chai, akasikia, akaacha vikombe viwili mezani na kutoka. Hakusema kwamba aliniambia. Ningefurahi kama angesema.

Binti akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu niligundua kwamba habari za mkeka hazisikilizi, anatafuta kitu. Karibu na mwisho, mama yake anasema mkeka hudumu usipoachwa juani, kisha anaufikiria kidogo mkeka wake na kutoa "eee" moja ndefu, ya kifuani. Niliiacha kwa sababu nilipoiondoa picha iliruka. Wala haikunijia kwamba ndivyo wazee wetu wanavyoitikia salamu.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.

Safari hii hakuanza mara moja. Alikaa juu ya magoti yake, midomo ikifuatisha maneno ya mama yake moja moja, kama anayesubiri zamu. Wakafika kwenye rangi, wakapita. Wakafika kwenye mkeka usioachwa juani. Hapo akainama, akasalimu haraka na kwa sauti ya chini: "Mwasibota, mae."

"Eee," mama yake akasema.

Aliinama hivyo hivyo hata picha ilipokwisha na kioo kuwa cheusi. Nami sikuthubutu kugusa kitu. Kisha akainuka, akakung'uta magoti, akanipa simu yake nimwekee nakala. Nilipomrudishia alikuwa ameacha Kihaya; alisema nami kwa Kiswahili, kama mtu anavyosema na ofisi.

"Na hiyo video yako usiiguse tena."

Niliitikia kwa kichwa.