Siku Mama Alipomkimbiza Babu Mtoni

Wenzangu mliokulia chini ya mlima Rungwe miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, mnayajua haya. Mto wetu ulikuwa na tabia ya mwizi: unakujia usipoutarajia, jua likiwaka. Mvua imenyesha huko juu mlimani, ninyi bondeni mmeanika mahindi, ghafla maji yanashuka na magogo na mbuzi wa watu. Basi tulionyana kwa yowe. Aliye juu kabisa akiona maji yamegeuka rangi anapiga, "Amisi! Amisi!", yaani maji, wa kilima cha pili anapokea, wa tatu anapokea, na yowe linayashinda maji mbio. Sheria ilikuwa moja: ukilisikia, lipokeze kwanza, maswali baadaye. Mzee mmoja alilisikia akamaliza kwanza ndizi yake ya kuchoma; alitozwa mbuzi, na sisi watoto tukamwita Ndizi mpaka anaingia kaburini. Vijana wa leo nyumba ya jirani inaungua, wao wanauliza kwanza ni ya nani.

Mimi shule niliishia darasa la pili, sifichi. Leo nina mashine mbili za kusaga pale Iyunga na lori linalokwenda Chunya, na hao waliofika darasa la nane wananiamkia. Lakini ubwana wangu wote huu ungekwenda na mto kama si mama.

Niwakumbushe jambo ambalo watoto wetu wanalicheka. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemeshani, hawatajani majina. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anajifunika nguo kichwani na kuingia migombani, mzee anageuza uso. Mama alikaa kwa babu miaka minane, na sidhani kama aliijua pua yake ilivyo.

Siku hiyo, mchana kweupe, babu alinichukua kukata matete kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, karibu na maporomoko. Pale maji yanavuma, ukitaka kusema na mtu unampigia kelele sikioni. Mama alikuwa anapalilia viazi mteremkoni, upande wa nyumbani, kwa hiyo babu, mtu wa heshima zake, akakaa akalipa shamba mgongo. Mimi nafukuza kaa, tumbo limejaa ndizi na maharage. Nikainua macho, nikamwona mama anapunga jembe. Nikampungia na mimi. Akapunga mikono yote miwili. Nikasema leo mama ana furaha, nikamchezea ngoma kidogo. Mjinga mimi! Yowe lilikuwa limeshamfikia, na kisiwani kwetu halikuingia hata chembe.

Akatupa jembe, akashuka mteremko mbio, akaingia majini moja kwa moja kutuelekea.

"Babu," nikapiga kelele sikioni mwake, "mama anakuja!"

"Mwambie arudi!" Hakugeuka, mzee wa watu. Aliinamisha uso kwenye matete.

"Harudi!"

"Amejifunika?"

"Hajajifunika, babu! Kichwa wazi!"

Mwe! Sijawahi kuona mzee akiruka vile. Panga kule, matete kule, akaingia mkono wa pili wa mto, maji yakampiga mapajani, akaukwea ukingo wa ng'ambo kama kima. Mama alifika, akanishika mkono nikadhani utang'oka, akavuka nami nyuma yake. Babu akichungulia kwa pembe ya jicho anaona miguu ya mkamwana bado inakuja, anazidi kupanda. Sisi nyuma, yeye mbele, mpaka akajibanza nyuma ya mgomba juu kabisa, anahema.

"Mtoto!" akaita kutoka huko nyuma. "Muulize huyo mwanamke, wazimu umempata lini?"

Mama alikaa chini, akajifunika kwa nguo yake iliyolowa, akanielekeza mtoni kwa kidole. Hapo maji yakafika. Ukuta mwekundu wa tope, gogo la mti mzima limesimama wima ndani yake. Nilikitazama kisiwa chetu, nikafumba macho, nikafumbua, hakuna kisiwa. Ardhi ilitetemeka mpaka kwenye makalio yangu. Kisha babu akasema taratibu, "Mtoto, mwambie... ndaga." Asante.

Nikafikisha. Mama alikuwa analia.

Na alikuwa na sababu ya kulia, maana maji yana huruma kuliko mawifi. Jioni ile ile, maji yalipopungua tukavuka kurudi nyumbani, ukoo ulikaa, mama kajibanza jikoni. Shangazi mkubwa alisimama mikono kiunoni: "Kamkimbiza baba yangu kichwa wazi mbele ya mtoto wake! Arudi kwao, na ng'ombe wetu warudi!" Wengine wakaguna kumuunga mkono. Nilikuwa na umri wa miaka saba, nikaelewa kwamba nimetoka mtoni na mama na sasa ninanyang'anywa.

Babu akakohoa. "Nani kasema nilimwona mwanamke? Mimi niliona maji, nikakimbia."

"Baba, lakini watu waliokuwa mashambani wali..."

"Mtoto ndiye alikuwa pale. Wewe, uliona nini?"

Nikasema, "Maji." Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kiume, na mpaka leo sijautubu. Mama akabaki kwetu.

Siku hizi onyo linatoka redioni. Mimi ninayo redio kubwa kuliko zote pale mtaani Soweto, nayo masika haya ilitangaza mito itajaa. Kijana wangu wa mwisho akaizungusha kutafuta muziki. Mke wa mwanangu anapita mbele yangu asubuhi na jioni kichwa wazi, "Shikamoo baba, chai hiyo hapo." Ni binti mzuri, simlaumu. Lakini siku akija mbio kunielekea, nitabaki kitini nikidhani chumvi imekwisha.