Mahari ya Igandu Ilienda Boma Gani

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ile wazee wa Kianjokoma, kule milimani, walipoteremka kwetu Mbeere kuniposa kwa ajili ya kijana wao, Njeru. Ilikuwa miaka ya tisini, ndengu zimekomaa shambani, nami nimejipaka mafuta hadi visigino.

Chai haijapoa, baba mkubwa wake Njeru akaweka kikombe chini.

"Hii harusi haiwezi," akasema. "Wakati ya ile njaa ya zamani, Igandu wenu aliletwa kwetu akiwa msichana. Babu yetu alimlisha, akamfanya mtoto yake. Sasa hawa ni watoto wa boma moja. Ndugu ataoa dada aje?"

Igandu alikuwa mama yake nyanya yangu, mtu wa karne ya kumi na tisa, na kweli njaa ilimpandisha milimani. Hayo tuliyajua sote. Baba aliinamisha kichwa, maana kwetu aliyefanywa mtoto wa nyumba ni damu, hata kama alitoka mbali. Nilikimbilia jikoni nikalia. Nikamwambia nyanya waliyoyasema kuhusu Igandu, na kwamba kesho natoroka na Njeru hadi mbali huko Nchiru tukapange chumba, mila zibaki na wenyewe.

Nyanya alikuwa akipepeta mtama.

"Unalilia maneno nusu?" akanikaripia. "Umeuliza nani? Huyo ni mama aliyenizaa, na mimi niko hapa! Panguza makamasi."

Akatoka na ungo wake mkononi. Penye wazee haliharibiki jambo, mwanangu, lakini wakati mwingine mzee anayehitajika yuko jikoni na hakuna aliyemwita.

"Mzee," akamwambia mgeni kwa heshima zote, "Igandu alipoolewa, mbuzi za mahari zilienda boma gani?"

Mzee akakohoa. "Kwetu hazikuja."

"Na pombe ya asali?"

"Hata tone hatukuonja."

"Kwa sababu zilienda kwa baba yake mwenyewe, hapa Mbeere, na babu yenu hakudai. Alijua. Mama alilima shamba yenu, akabeba kuni yenu, na mvua ilipokuja akalipwa wimbi, akarudi nyumbani. Mtoto wa boma hulipwa wimbi? Na kama alikuwa wenu, mbona hamkukula mahari yake?"

Yule mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama, umetushinda! Angekuwa wetu, hizo mbuzi tungezifuata kwa miguu."

Boma zima likaangua kicheko. Nikaketi pale pale mlangoni pa jikoni nilipokuwa nikisikiliza, nikishukuru tu. Ndivyo nilivyoolewa na baba yenu, mchana kweupe, nikiimbiwa.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukiambiwa jambo la ukoo wako likakuuma, usilimeze na usilikimbie. Mtafute mwanamke mzee aliyebaki, kaa chini, muulize, umwache amalize. Miaka yote watu walimtaja Igandu kama msichana aliyelishwa, kumbe alijilisha kwa mikono yake. Wengi wa bibi zetu wanasubiri mtu wa kuwarudishia jasho lao.

Mungu akupe wa kumuuliza angali hai, akupe subira ya kumsikiliza, na akujalie wakwe wanaojua kucheka wakishindwa.