Tembe Nzima

Mimi nina mdomo, sikatai. Siku moja kwenye kliniki yetu ya mtaa nilimfokea daktari mbele ya wagonjwa wote, na mpaka leo namshukuru kwamba hakunifukuza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mama alikuwa na presha, na daktari mzee wa pale alikuwa amemwandikia dawa ya pakiti inayong'aa, iliyotoka ng'ambo. Mtaani kwetu daktari alipimwa kwa dawa: asiyekudunga sindano na kukupa bahasha tatu za kaki, huyo si daktari. Kwa hivyo ile pakiti ilikuwa fahari yangu. Nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na kila nikipata mshahara niliinunua kabla hata ya unga. Ikifika wiki ya mwisho ya mwezi nilienda kazini kwa miguu, nikimwambia Mama nataka kupunguza mwili.

Basi yule mzee akastaafu, akaja daktari mwanamke, kijana, mpole. Alimpima Mama presha mara mbili, akatikisa kichwa. Kisha akakata jina la dawa yetu kwa kalamu, akaandika nyingine, zile tembe nyeupe za bei ndogo zilizotolewa kwenye mkebe mkubwa pale dirisha la dawa.

Nikawaka. Nilimwambia ameona leso aliyojifunga Mama na patapata zake za mpira akadhani sisi ni watu wa kuhurumiwa. Arudishe dawa ya maana, mimi nafanya kazi, nitanunua. Mlango ulikuwa wazi, foleni yote ikageuka kusikiliza.

Aliniacha nikamaliza. Halafu hakunijibu mimi. Alimgeukia Mama, akamuuliza kwa heshima huwa anazimezaje zile tembe za pakiti.

Mama alikunja ncha ya leso, akaikunjua.

"Nazikata," akasema. "Nusu leo, nusu kesho, ili pakiti moja ifikishe mwezi. Mwanangu anatembea mpaka kazini kwa sababu yangu."

Jamani. Kumbe ule unga mweupe niliokuwa nikiuona kwenye kisu cha mkate! Na nilikuwa nimemgombeza kwamba haoshi vyombo vizuri. Mwaka mzima mama yangu alikuwa akicheza na maisha yake, na mimi nikijiona binti wa kupigiwa mfano. Nilikaa kwenye benchi nikalia bila aibu.

Daktari alitueleza taratibu kwamba dawa ya mkebe ingeshusha presha vilevile, mradi imezwe kila siku.

"Sikuandika ya bei ndogo kwa kuwadharau," akaniambia. "Nimeandika ambayo mama atathubutu kuimeza nzima."

Na presha ikashuka kweli. Baadaye niligundua kwamba alikuwa hivyo kwa kila mtu: sindano kwa nadra, bahasha moja, na maelezo marefu. Watu walinung'unika miezi kadhaa, kisha foleni yake ikawa ndiyo ndefu kuliko zote mtaani.

Mama aliishi akawalea wajukuu. Kila asubuhi, kabla sijatoka, aliniita jikoni, akaweka tembe kwenye ulimi, akaimeza kwa chai, kisha akaachama mdomo nikague. Nami nilikagua kila siku, halafu nikaenda kupanda basi.