Mtani Aliyechukua Mafuta Yangu

Najua utasema mama huyu anatafuta watu wa kumsikiliza. Sema tu. Mimi nauza mahindi na maharage Manundu, hapa Korogwe, na wateja wananitosha kwa mazungumzo. Haya ninayokueleza sikuhadithiwa. Yalinipata mimi, kwenye mwili huu huu, na walioniona wakati ule wapo, wanapita mbele ya duka langu kila siku. Waulize.

Nilikuwa mnene. Sisemi ule unene wa kusifiwa harusini. Nilikuwa na kilo mia moja ishirini na sita, nazijua kwa sababu mizani ya zahanati ilishindwa kunipima, ikabidi nikapande mizani yangu mwenyewe ya magunia mbele ya wachukuzi wangu, wamejikaza wasicheke. Sukari ilikuwa juu, presha juu. Usiku nilikoroma mpaka binti yangu, Zaina, akawa anakuja kunigeuza akidhani nakata roho. Nesi wa zahanati hakunificha. Aliniambia nikiendelea vile sitamwona Zaina akimaliza shule. Alikuwa kidato cha pili, na baba yake tulishamzika. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nesi alinikataza kujinyima kwa fujo, akanikataza na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi. Nipungue polepole, kilo mbili au tatu kwa mwezi. Nile maharage, mayai, dagaa na mboga, ugali uwe kiasi cha ngumi. Halafu ninyanyue vitu vizito. Hilo la mwisho lilinichekesha, mama mzima nikanyanyue vyuma! Lakini alinieleza vizuri. Mwili ukinyimwa chakula na haufanyi kazi, hauli mafuta peke yake, unakula na misuli, na mtu anabaki mwembamba aliye mgonjwa kuliko alivyokuwa mnene.

Basi nikaenda kwa kocha Hoza. Huyu ni Msambaa mmoja mpole, ana kiwanja nyuma ya gereji, na vyuma vyake vingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Siku ya kwanza alinitaka nikae kwenye benchi na kusimama mara tano. Mara tano tu, na nililia. Vijana walicheka, Hoza akawatazama wakanyamaza. Miezi mitano baadaye nilikuwa na kilo mia moja kumi na nne, natembea kiwanja kizima na kopo la kilo ishirini kila mkono, na siku moja nilipandisha gunia la maharage kwenye mizani bila kumwita mchukuzi. Sijui kama umewahi kuwa na fahari na mwili wako. Mimi ilikuwa mara ya kwanza.

Ila nilikuwa na haraka. Wenzangu sokoni walikuwa wananiuliza mbona mazoezi yote yale na bado najaza mlango, na maneno yao yaliniingia.

Kila asubuhi baada ya swala nilikuwa natembea kwenye njia iliyo kando ya shamba la mkonge. Siku moja, kulikuwa kumeshapambazuka, niamini, niliona mpaka umande kwenye majani. Palikuwa na mzee amekaa juu ya mafungu ya mkonge uliokatwa. Alikuwa amevaa kaptura ya gunia, kifua wazi, na sijawahi kumwona mtu aliyekonda namna ile akiwa hai. Mbavu ningeweza kuzihesabu kutoka njiani.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Akaniuliza kabila. Nikamwambia mimi Mzigua wa Kwaluguru, kule Handeni. Akachangamka. Akasema yeye Mnyamwezi, alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba wa kukata mkonge. Ilinipasa kushtuka hapo hapo, kwa sababu manamba walikwisha zamani, waliobaki hapa Korogwe ni wajukuu wao. Lakini nilisikia lile la Unyamwezi tu, nikaanza kucheka.

Kwa asiyejua, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaingia kwako anakamata kuku, anaondoka naye. Ukicheka, yamekwisha. Ukikasirika umejiaibisha, naye ana haki ya kuongeza. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kuchimba kaburi na kufanya vituko vyake, hakuna wa kumzuia. Ndivyo tulivyokuzwa. Mtu akishasema ni mtani wako, ulimi unalegea wenyewe.

"Mtani, umejaza mwili peke yako," akasema. "Nigawie mafuta hayo, mimi nimebaki mifupa."

"Chukua yote," nikamjibu. "Na makalio uchukue, yananilemea."

Tukacheka wote wawili. Akanishika mkono wa kulia, hapa juu karibu na bega, akaubinya kidogo kama mtu anayechagua embe. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikaenda zangu, nikamsahau.

Wiki ile nilipungua kilo saba. Nilifurahi, nisikudanganye. Wiki ya pili kilo tisa. Nguo zilinidondoka, wanawake sokoni wakaanza kuuliza nakunywa nini, na mimi nikawa najishebedua kuwaambia ni mazoezi. Kocha Hoza peke yake hakufurahi. Alinipa makopo yangu ya kila siku, nikashindwa kuyatoa chini. Akanipa ya kilo kumi, nayo yakanishinda. Akaniuliza ninakula nini, nikamtajia, mayai, maharage, dagaa, sijaacha kitu.

"Mama," akasema, "huku siyo kupungua. Nguvu zinaenda wapi?"

Akanipeleka mwenyewe hospitali. Walipima damu, mkojo, makohozi, kila kitu. Hawakuona ugonjwa. Nikarudi nyumbani nimeshikiliwa na Zaina, na jioni hiyo, nikijifuta maji, nikaona kitu kilichonitoa jasho upya. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na makovu mawili, moja la chanjo ya utotoni na jingine refu la kuungua na sufuria. Yote mawili hayakuwepo. Ngozi ilikuwa laini kabisa.

Kesho yake nikajikokota mpaka kwenye mkonge. Alikuwepo, amekaa pale pale. Mbavu hazikuonekana tena. Alikuwa na kitambi kidogo, mashavu, na alipoinua mkono wa kulia kunisalimia, makovu yangu yalikuwa pale, la chanjo na la sufuria, kwenye ngozi yake.

Nilipandwa na hasira, na hapo nikaharibu zaidi. Nilimtukana. Nikamwambia mwizi, nirudishie mwili wangu. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikaishiwa pumzi, halafu akatabasamu kwa huzuni na kuniambia mtani akikasirika, mwenzake anaongeza. Siku tatu zilizofuata nilipoteza kilo kumi na moja, na siku kumi baada ya hapo zikaendelea kushuka vivyo hivyo. Nilishindwa kunyanyua ndoo ya maji ya kuogea. Zaina aliacha kwenda shule anilishe uji kwa kijiko, na kila nikimtazama nilikumbuka maneno ya nesi.

Nilichofanya ni kwenda Kwaluguru kwa shangazi yangu, dada wa baba. Zaina alinipandisha basi la Handeni, na kutoka barabarani nilifungwa kwa kanga mgongoni mwa bodaboda nisidondoke. Shangazi ni mkali, hakunipokea kwa pole. Aliniketisha, akaniuliza kila neno nililosema na kila neno nililojibiwa.

"Ulimpa kwa mdomo wako?" akauliza.

Nikamwambia nilikuwa natania.

"Na yeye alikuwa anatania," akasema. "Ndiyo maana imeshika."

Akanieleza kwamba kitu kilichochukuliwa kwa utani hakidaiwi, si kwa kilio, si kwa matusi, si kwa mganga. Njia ni moja tu, na mimi nimchukulie cha kwake, kwa kicheko, naye akubali. Tukishachukuliana tunakuwa sawa na mkono wake unakoma. Akaniambia niende haraka, maana huyu akimaliza atakuja kunizika, na kwetu kazi hiyo ni haki ya mtani, hakuna atakayemfukuza kaburini.

Nilirudi Korogwe na kilo hamsini na mbili. Asubuhi yake nikamwacha Zaina amelala, nikatembea njia ile nikipumzika kila hatua kumi. Kumbuka zamani niliimaliza kwa dakika chache. Nilipofika alisimama kunipokea, na jinsi alivyosimama nilijiona mimi. Kiuno kile kilikuwa changu. Mikunjo ya shingo ilikuwa yangu, na mwendo wangu wa kujirusha kulia kwa ajili ya goti. Kaptura ya gunia ilikuwa imempasukia mapajani. Nilitaka kukimbia, miguu haikuwa na nguvu hiyo.

Nikajilazimisha kucheka. Sijui kicheko kilitoka wapi.

"Mtani, umenawiri," nikasema. "Leo zamu yangu. Nachukua na mimi."

Akafungua mikono. "Chukua. Lakini nina nini mimi?"

Nikamtazama. Hakuwa na panga, hakuwa na kofia, kaptura yenyewe imekwisha. Mafuta sikuweza kuyataja, yalishakuwa halali yake. Na wakati natafuta ndipo nikaona macho. Pamoja na mwili wote ule alionichukulia, macho yalikuwa bado ya mtu anayekufa kwa njaa. Hakuwa ameshiba hata kidogo. Neno likanitoka kabla sijalipima.

"Nachukua njaa yako."

Kicheko kikamtoka usoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua kama kuna mtu ataitaka." Akakaa juu ya mafungu ya mkonge, akajilaza ubavu kama kibarua aliyetoka kazini. Nikasogea. Palikuwa na majani tu, yana umande wake, hakuna hata lililolaliwa.

Nataka niseme nilimwonea huruma, na kweli nilimwonea, lakini sikupata nafasi. Njaa ilinipigisha magoti. Zaina alipokuja kunitafuta alinikuta natafuna udongo.

Toka siku hiyo kilo hazikushuka tena. Hoza alinianzisha upya kwenye benchi lile lile, kukaa na kusimama mara tano, mayai, maharage, dagaa, mwezi baada ya mwezi. Leo nina kilo sabini na mbili na nyingi ni misuli. Makopo ya ishirini nayabeba. Sukari imetulia, nesi ananitolea mfano kwa wagonjwa wake. Makovu hayajarudi, njoo uone.

Lakini njaa ninayo. Inaamka na mwanga, inatulia jua likipanda, na si yangu, naijua kwa sababu chakula hakiifikii. Nakula mpaka nashiba tumboni na yenyewe iko pale pale. Miezi ya kwanza nilidhani inataka uji, au nyama. Nilikuja kujua inataka nini mwaka jana, Zaina aliporudi likizo kutoka bweni, alikohamia kidato cha tatu. Alikuwa amenenepa, mashavu yamejaa, mtoto anapendeza. Nilimkumbatia mlangoni asubuhi ile nikahisi mkono wangu unambinya hapa juu, karibu na bega. Nikasikia mdomo wangu unasema, kwa kicheko kizuri kabisa, "Mwanangu, umejaza mwili peke yako."

Na Zaina ni mtoto wa Kizigua. Amelelewa na utani. Alishaanza kucheka, alishafungua mdomo anijibu.

Nilimpiga kofi. Sikuwa nimewahi kumpiga mwanangu. Nilimziba mdomo kwa mkono wangu na nikakaa hivyo, yeye akilia, hadi jua likatoka sawasawa. Mchana nikampeleka Kwaluguru kwa shangazi, na likizo zote sasa anakaa huko. Mwaka huu anamaliza kidato cha nne. Siku ya mahafali nitamwona kwenye simu, shangazi ameahidi kuishika vizuri.

Kwa hiyo wewe unayetaka kupungua, pungua kama nesi alivyoniambia, polepole, ule, unyanyue vizito, na wakikucheka waache wacheke. Mwili wako usimpe mtu, hata kwa mzaha, hata akiwa mtani. Na ukija dukani kwangu Manundu, njoo mchana. Ukinikuta asubuhi, nikakusifia afya yako, nikakuomba kidogo huku nacheka, nakusihi usinichekee. Ninyime.